Supu ya mboga kwa shilingi 150: mbona yangu inatoka maji matupu?

SWALI: Habari yako, mpishi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nakaa bedsita Ngara na mwenzangu mmoja. Tuna mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria mbili na kisu. Baridi imezidi na pesa imeisha, kwa hiyo wiki jana nikaamua nipike supu ya mboga. Nilinunua brokoli, hoho nyekundu na ya njano, karoti, kabeji, kitunguu na nyanya, zikanitoka kama shilingi 350. Nikakatakata zote, nikajaza maji, nikatia vidonge viwili vya mchuzi na kuchemsha saa nzima. Nilipata maji ya kijivu yenye chumvi, mboga zimelegea hazina ladha, na muda si mrefu tulikuwa na njaa tena. Mwenzangu alisema ni maji ya kuoshea vyombo. Nifanyeje supu iwe supu, itushibishe, na isipite shilingi 150 kwa sisi wawili? Mama mboga wetu anauza kitunguu, nyanya na karoti shilingi 10 kila moja, na sukuma ya 20. Na je, naweza kuiweka hadi kesho bila friji?

JIBU: Mdogo wangu, pole kwa hizo 350. Kwa jinsi ulivyoeleza, supu yako iliharibika pale ulipomwaga maji: uliyamwaga mapema mno, tena mengi mno. Mengine yote, hata hiyo brokoli, ni mambo madogo. Ukirekebisha hilo moja tu, utapika supu nzuri hata kwa kitunguu, karoti na waru, yaani viazi, peke yake. Ndiyo maana nitakaa hapo kidogo kabla hatujaenda kwa mama mboga.

Kitunguu kibichi kimejaa maji, kina ukali, na ndani yake kuna sukari ambayo huisikii kwa sababu ya ule ukali. Ukikikaanga polepole kwenye mafuta, maji hutoka kwanza, kisha ile sukari na protini kidogo iliyomo huanza kubadilika rangi, na hapo ndipo hutoka ile harufu ya kufanya mtu wa mlango wa pili aulize leo kuna nini. Mabadiliko hayo yanataka joto kali, na hushika kasi hasa linapokaribia nyuzi 140. Mafuta yanafika huko bila taabu. Maji hayafiki. Tena sisi wa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, wakati kwa mtu wa Mombasa huchemka yakifika 100. Kwa hiyo kitunguu chako kilikaa kwenye nyuzi 94 saa nzima, na ungekiacha hadi alfajiri kisingepata rangi wala hiyo harufu. Ladha ya kukaanga unaitafuta sufuria ikiwa kavu. Maji yakishaingia, basi, ulichokipata ndicho hicho.

Hapo hapo kuna jambo la gesi. Maji yakianza kuchemka, hayaongezeki joto hata ufungulie moto wote. Kinachoongezeka ni mvuke unaotoka dirishani na pesa inayotoka mtungini. Supu ikichemka, punguza moto hadi uone mapovu machache tu yakipanda pembeni, funika sufuria, na chakula kitaiva kwa muda uleule.

Sasa twende sokoni. Brokoli na hoho za rangi ni mboga nzuri sana, lakini kwa mfuko wako hazina kazi kwenye sufuria ya supu. Hoho nyekundu ina utamu wake, ila ukiichemsha muda mrefu utamu huo unazama kwenye maji mengi na huuoni tena, na brokoli ikipitiliza inaleta ile harufu nzito inayotolewa na kabeji iliyochemka sana. Hizo mbili pengine ndizo zilizokugharimu kuliko mboga nyingine zote. Zisahau mpaka mkopo wa masomo wa HELB uingie.

Nunua hivi, kwa bei ulizonipa: vitunguu viwili, 20. Karoti mbili, 20. Nyanya mbili zilizoiva sawasawa, 20. Sukuma ya 20, ambayo utatumia nusu na kubakiza nusu ya kesho. Dania ya 10. Waru tatu za wastani, tuseme 30. Hapo ni 120. Zile 30 zinazobaki ni za kamande, na kamande usinunue za siku moja. Chukua nusu kilo mwanzo wa wiki, kisha kila ukipika unatoa nusu kikombe. Mafuta, chumvi, kitunguu saumu na tangawizi nadhani huwa mnavyo. Kama hamna, kichwa kimoja cha kitunguu saumu kinatosha sufuria nyingi za supu.

Kuhusu vitunguu, wauzaji wengi wa hapa watakuambia kuna vya Tanzania na vya kwetu. Kama vipo vyote, chukua vile vya Tanzania, vyekundu, vikavu, vyenye ganda linalopukutika ukivishika. Vina maji machache, kwa hiyo vinapata rangi haraka kwenye mafuta, na vinakaa chini ya meza wiki kadhaa bila kuoza. Nyanya, usiogope zile laini zilizoiva hadi kukaribia kupasuka, ambazo wenzako wanaziruka. Kwa kachumbari hazifai, kwa supu ndizo zenyewe, na mara nyingi mama mboga atakuongezea moja. Yenye ukungu hata kidogo iache hapo hapo.

Waru utakazopata Ngara kwa kawaida ni za aina ya Shangi, nyingi zikitoka Nyandarua, na hiyo ni bahati yako. Shangi huiva upesi na kuvurugika, jambo linalowaudhi wanaotaka vipande vizuri kwenye mchuzi, lakini wewe unataka zivurugike ili supu iwe nzito. Ubaya wake ni kwamba huchipua mapema, kwa hiyo usinunue za wiki mbili. Zikianza kuwa kijani kwenye ganda, ile sehemu ya kijani na macho yaliyochipua uyakate kwa kina. Yana sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Iliyogeuka kijani kote itupe.

Siku ukiwa na asubuhi bila darasa, teremka hadi soko la Marikiti au la Muthurwa. Kutoka Ngara unaweza hata kutembea. Mama mboga wako naye huenda hukohuko kabla jua halijatoka, kwa hiyo mkikusanya pesa wanafunzi wanne au watano wa ploti moja na kugawana gunia dogo la waru na vitunguu, mtaona tofauti. Mtu mmoja peke yake sioni faida: nauli na mboga zitakazomwozea mkononi vitakula kile alichookoa.

Sasa njaa yenu ya baadaye. Ulichopika kilikuwa karibu maji matupu, na kiasi kidogo cha wanga kwenye karoti. Protini hapo ni kidogo mno, na mafuta hukutaja kabisa. Kamande ndizo zitakazowashibisha. Gramu 100 za kamande kavu, ambazo ni nusu kikombe, zina protini ya gramu 24 hivi. Yai moja lina kama gramu 6. Yaani nusu kikombe kile ni kama mayai manne, kwa bei ya chini ya hapo. Ukipenda ndengu, sawa pia. Mimi kwa supu napenda kamande kwa sababu zinaiva haraka na zinaacha rangi ya udongo inayofanya supu ionekane imepikwa na mtu mwenye nia.

Kuna njia ya mkato ambayo haina aibu yoyote: jioni, kwenye mitaa mingi ya hapa, kuna akina mama wanaouza maharagwe, ndengu na githeri zilizokwisha kuchemshwa, wanakupimia kwa kikombe. Umewakuta. Nunua kikombe kimoja cha ndengu, na gesi ya nusu saa utakuwa umeiokoa. Onja moja kwanza. Ikiwa na utelezi na ladha inayokaribia sabuni, imetiwa magadi mengi ili iive upesi, na magadi huharibu vitamini B1 iliyomo. Hamia kwa muuzaji mwingine.

Kama unapika kamande mwenyewe, zichague mawe, zioshe, ziloweke asubuhi ukienda darasani. Ukirudi jioni mwaga yale maji, tia maji mapya vikombe vitatu, chemsha zikiwa zimefunikwa. Zilizolowekwa huchukua kama dakika 20 hadi 30 hapa kwetu. Bonyeza moja kwa vidole, ikisagika bila punje ngumu katikati iko tayari. Nyanya usizitie bado, wala ndimu. Asidi huzuia maganda ya mbegu za jamii ya kunde kulainika, ndiyo maana watu hulalamika kamande zao zimekataa kuiva kumbe walizianzisha na nyanya. Zikiiva, zimwage kwenye bakuli pamoja na maji yake. Yale maji usiyatupe, ndiyo mwanzo wa supu yako.

Osha sufuria ileile au chukua ya pili, iweke kwenye moto wa wastani, tia mafuta vijiko viwili vikubwa. Najua mafuta ni ghali na utashawishika kuweka kimoja. Weka viwili. Mbali na kushibisha, rangi ya machungwa ya karoti na ile iliyojificha kwenye sukuma ndiyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na bila mafuta mwili huchukua kidogo sana.

Vitunguu vikate vidogo, vyote viwili, na utie chumvi kidogo hapo hapo. Chumvi huvuta maji yatoke kwenye kitunguu mapema. Koroga, kisha acha. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosa subira. Dakika tatu za kwanza utaona kitunguu kimelainika, sufuria inatoa mvuke na sauti ya kuchemka. Hayo bado ni maji yanayotoka. Usitie kitu. Dakika ya saba au ya nane sauti inabadilika, ile ya kuchemka inapungua na unasikia ya kukaanga, kali kidogo na kavu. Pembe za vipande zinaanza kuwa za hudhurungi, na chini ya sufuria kunaanza kushika utando mwembamba wa rangi hiyo. Sufuria zetu ni nyembamba, zinaunguza haraka, kwa hiyo sasa simama karibu. Ukiona utando unataka kuwa mweusi, nyunyiza maji kijiko kimoja, ukwangue kwa mwiko, uchanganyike na kitunguu. Ule utando ndio rangi na ladha ambayo watu hununua kwenye vidonge. Unaweza kufanya hivyo mara mbili, tatu, kila mara kitunguu kinazidi kukolea.

Mashina ya dania yakate madogomadogo uyatie wakati huu pamoja na kitunguu saumu punje mbili na tangawizi ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, vimepondwa. Majani ya dania yaweke kando. Kuna wapishi watakaokuambia uchemshe maganda ya karoti, mashina na mizizi ya dania pembeni ili upate maji ya supu. Hotelini, penye jiko linalowaka kutwa, ni sawa. Wewe na mtungi wako wa kilo 6, hapana. Mashina yaingie sufuriani moja kwa moja, uyale.

Kitunguu saumu kikitoa harufu, kama dakika moja tu, tia karoti zilizokatwa ndogo. Zikaange nazo dakika tatu. Halafu nyanya zilizokatwa au kukwaruzwa. Nyanya ina maji mengi na itatuliza sufuria. Subiri tena mpaka zivunjike, maji yakauke, na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Ukiwa na bizari nyembamba au pilipili manga, robo kijiko kidogo cha chai kinatosha, itie sasa iguse mafuta. Hapo Ngara kwenu maduka ya viungo hayako mbali, nawe waweza kupimiwa kidogo badala ya kununua mkebe.

Baada ya hapo ndipo maji. Mimina kamande zote na maji yake, ongeza maji ya moto mpaka vyote vifunikwe na kuzidi kidogo, upana wa vidole viwili. Kwa vipimo hivi jumla ni kama lita moja, pengine pungufu. Utaona ni kidogo ukilinganisha na ulivyozoea. Iache hivyo. Maji unaweza kuongeza wakati wowote. Kuyatoa ni kuchemsha mpaka gesi iishe. Tia waru zilizomenywa na kukatwa vipande vidogo, funika, moto mdogo, dakika 15 hivi.

Waru zikiiva, usitafute blenda. Chukua mwiko, bana robo ya waru na kamande kwenye ukingo wa sufuria, ziponde, koroga. Rudia mpaka supu iwe nzito unavyopenda. Utaona inabadilika mbele ya macho yako, ule umajimaji unakwisha. Ukitaka nzito zaidi, kijiko kimoja cha siagi ya njugu kilicholainishwa na supu ya moto kinafanya maajabu, kama mna kopo lililobaki la kupaka mkate. Unga wa ngano pia hufanya kazi, lakini lazima uukoroge na maji baridi kwanza, na mimi sioni haja yake penye Shangi.

Sukuma inaingia mwisho kabisa. Ioshe ikiwa majani mazima, kwa maji yanayotiririka, ndipo uikate. Ile anayokukatia mama mboga ni rahisi, sikatai, lakini imekatwa bila kuoshwa, na ukija kuiosha ikiwa nyuzinyuzi unamwaga sehemu ya vitamini C pamoja na maji. Itie ndani, koroga, hesabu dakika tatu hadi tano, zima. Spinachi inataka mbili. Terere ni nzuri pia. Managu ningekuambia uyaache kwa sasa, uchungu wake unataka maziwa na mkono uliozoea. Kabeji ukiitumia, ikate nyembamba, nayo dakika tano, sita. Zaidi ya hapo utarudishiwa ile harufu ya wiki jana.

Onja sasa, ndipo uamue chumvi. Kwa sufuria hii kijiko kidogo cha chai, kisichojaa, pamoja na ile uliyotia kwenye kitunguu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku nzima, nazo ni kijiko kimoja tu cha chai. Vile vidonge vyako viwili, soma pembeni ya paketi: chumvi na wanga ndivyo vinavyotangulia kwenye orodha. Sikukatazi. Nusu kidonge ukikisagia kwenye kitunguu kinapokaangwa kinasaidia, mradi upunguze chumvi. Kutegemea kidonge kibebe sufuria nzima ndiko kulikokupa chumvi bila ladha. Na kama umezidisha chumvi, usidanganywe kwamba kipande cha waru kitainyonya yote. Waru hunyonya maji yenye chumvi, na yale yanayobaki ni makali vilevile. Ongeza maji na kamande, au waru nyingine uziponde.

Kabla ya kuonja mara ya mwisho kamua nusu ndimu. Wengi hufikiri supu iliyopooza inataka chumvi, kumbe ni uchachu unaokosekana. Ndimu ina kazi nyingine: kamande zina madini ya chuma ambayo mwili huyachukua kwa shida, na vitamini C iliyoko kwenye ndimu hurahisisha. Chai ya majani hufanya kinyume, kwa hiyo kile kikombe cha chai baada ya chakula kisogeze mbele kama saa moja. Majani ya dania yanyunyize juu ukipakua.

Kipimo hiki kinawatosha ninyi wawili usiku na kubakiza bakuli mbili ndogo za kesho, hasa mkiila na mkate au chapati moja moja. Hapo ndipo lile swali la friji.

Supu yenye kamande na waru huharibika haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ina kila kitu ambacho vijidudu hupenda. Kosa la kawaida ni kuiacha sufuria nzima imefunikwa juu ya jiko ipoe yenyewe. Inakaa vuguvugu saa nyingi, na vuguvugu ndipo vijidudu huzaana. Vingine huacha sumu ambayo ukichemsha asubuhi haiondoki, kwa hiyo kuchemsha tena hakufuti uzembe wa usiku. Fanya hivi: ile ya kesho itenge kabla hujatia sukuma, iweke kwenye sufuria ya pili, uikalishe ndani ya beseni la maji baridi, koroga mara kwa mara, na badilisha maji yakipata joto. Iwe imepoa kabisa ndani ya saa mbili, hapo ifunike na uiweke sakafuni penye ubaridi, mbali na jiko na dirisha la jua. Majira haya ya Julai, usiku Nairobi hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na supu iliyopozwa upesi ina nafuu ya kufika asubuhi bila kuharibika, ingawa bila friji hakuna uhakika. Februari nisingekuruhusu. Asubuhi ichemshe ichemke kwelikweli, si kupasha, tia ile nusu ya sukuma iliyobaki, mle. Isifike jioni. Ikiwa na povu, utelezi au hata uchachu kidogo usioeleweka, mwaga, kwa sababu dawa itakugharimu zaidi ya bakuli mbili. Maziwa au tui ukitaka kutia, tia kwenye bakuli la kula papo hapo, kamwe si kwenye ya kuweka.

Asubuhi utaikuta nzito zaidi, wakati mwingine imeganda kabisa. Ongeza maji kikombe kimoja. Au iache ilivyo, vunjia tambi konzi moja zichemke humo na maji kidogo, na hicho ni chakula cha mchana kinachoweza kusimama chenyewe.

Mwisho, kwa kuwa ulitaja mtungi mdogo: kama mna chupa ya chai ambayo bado inashika joto vizuri, kamande zinaweza kuiva bila gesi. Ziloweke usiku. Asubuhi zichemshe dakika 5, huku chupa ikiwa imejazwa maji ya moto ili ipate joto. Mwaga yale maji ya chupa, mimina kamande zikiwa bado zinatokota na maji yake, funga sana, nendeni darasani. Jioni mtazikuta laini, na kazi iliyobaki ni kitunguu. Chupa hiyo itashika harufu, kwa hiyo iwe ile ya zamani ambayo hamtilii chai. Iliyochoka, ambayo maji yake huwa vuguvugu kufikia mchana, haifai. Na njia hii usiijaribu kwa maharagwe mekundu hata siku moja. Yana sumu ya asili inayotaka maji yanayochemka kwa nguvu, nusu saa hivi bila kukatiza. Joto la chupa halitoshi, na mtatapika wote wawili. Maharagwe nunueni yale ya kuchemshwa kwa akina mama wa jioni.